Alama Mbili Kati ya Tisa

Mtu wa kwanza kumwita Bi Tisa alikuwa Meneja wetu, na hakumwita hivyo kwa mapenzi. Alitoka ofisini kwake asubuhi moja na karatasi mkononi, akasimama katikati ya chumba chetu, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuchekewa, "Bi Tisa wenu yuko wapi? Leo tena kampuni niliyoileta imefeli mtihani?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Tangu siku hiyo jina likamganda, na mwenyewe hakuhangaika kulibandua. Alisema afadhali aitwe kwa kazi yake kuliko kwa umbo lake, kama walivyoitwa wanawake wengine wa ofisi ile.

Nilikaa naye chumba kimoja miaka saba. Mimi nilikuwa karani wa mafaili: kila karatasi iliyoingia niliigonga muhuri wa tarehe, nikaipa namba, nikaifungia kabatini. Na kila kilichotakiwa kuchapishwa kilipita kwenye mashine yangu. Nalisema hilo mapema kwa sababu katika habari hii nina sehemu yangu, na si sehemu ya kujivunia.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa, vyumba vitatu na dirisha moja lisilofunga tulilolizibia kwa kadibodi. Kilikuwa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa hospitali kubwa iliyokuwa ng'ambo ya barabara: wauguzi, wapishi, mafundi bomba, madereva wa gari la wagonjwa, wafagizi, dobi. Kila mwisho wa mwezi walikatwa kidogo kwenye mishahara, na hicho kidogo kikija kwetu kikawa kingi. Kingi hicho hakikutakiwa kulala. Kilinunuliwa hisa hapa, kikakopeshwa kampuni pale, ili mwisho wa mwaka wanachama wapate gawio.

Kabla fedha haijatoka, Bi Tisa ndiye aliyeipima kampuni. Aliagiza hesabu zake za miaka miwili, akazilaza mezani, za mwaka jana kushoto na za mwaka huu kulia, akaziuliza maswali tisa. Hayakuwa maswali aliyoyatunga yeye; alifundishwa kwenye kozi ya jioni, na wahasibu wengi wanayajua. Kampuni imepata faida? Biashara yenyewe imeingiza fedha taslimu? Faida, ukiilinganisha na mali yote, imezidi ya mwaka jana? Fedha iliyoingia ni kubwa kuliko faida iliyoandikwa, au faida ni ya mdomoni tu? Mzigo wa madeni ya muda mrefu umepungua? Madeni ya karibuni yanalipika kwa urahisi zaidi? Kampuni imejizuia kuuza hisa mpya za kuzibia matundu? Kinachobaki juu ya gharama ya kila bidhaa kimeongezeka? Mashine na majengo yanaleta mauzo mengi kuliko mwaka jana? Ndiyo ilikuwa alama moja, hapana sifuri. Nane au tisa, kampuni ni nzima. Mbili kushuka chini, mgonjwa yuko mahututi.

Muuguzi akija kuuliza, Bi Tisa alimwambia hivi: "Wewe ukipokea mgonjwa unapima joto, mapigo, presha. Anaweza kuja kavaa suti na kujipulizia manukato. Kipimajoto kinajua suti?"

Alikuwa na sababu ya ukali wake. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alikuwa keshia wa kiwanda cha sabuni. Kiwanda kile kilitangaza faida miaka mitatu mfululizo, na mwaka wa mwisho mwenye mali aliwagawia wafanyakazi kalenda zenye picha yake akiwa ameshika kikombe cha ushindi. Wiki mbili baadaye walifika kazini wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi aliyesimama mbele yake na yeye hajalipwa. Mishahara ya miezi minne ilikwenda na maji. Mama yake alikuwa anaumwa mwaka huo, na Bi Tisa hakupata fedha ya kumpeleka kwa daktari aliyetakiwa. Alinisimulia hilo mara moja tu, tukiwa tunapanga mafaili, bila kuinua macho. Akamalizia: "Vitabu vilikuwa mikononi mwangu, mwanangu. Kila siku nilikuwa navishika. Sikujua kuvisoma."

Basi mwaka ninaousimulia, Meneja alirudi kutoka safari akiwa amechangamka kama bwana harusi. Kiwanda cha magodoro cha nje kidogo ya mji kilikuwa kinauza hisa, na kilikuwa tayari kutuuzia kabla ya wengine. Milioni mia nne, kwa mafungu mawili: mia mbili mara moja, mia mbili baada ya miezi sita. Gawio waliloahidi lilikuwa asilimia kumi na nane, na hakuna aliyewahi kutupa zaidi ya kumi.

Nikuambie kuhusu Meneja huyu, maana ukimwazia ana pembe utakosea. Alikuwa mtu wa watu. Alijua majina ya watoto wa wanachama. Ukifiwa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ndiyo maana wanachama walimwamini yeye kuliko karatasi.

Bi Tisa aliletewa hesabu za kiwanda siku ya Jumatatu. Kufika Jumatano alikuwa ameanza kugonga kalamu mezani, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Njoo uone," akaniita. "Faida milioni tisini. Nzuri, sivyo? Sasa soma hapa chini, kwa herufi za sisimizi. Wameuza kiwanja, wamepata milioni mia moja na thelathini. Ukikitoa kiwanja, kiwanda kimekula hasara ya arobaini. Kiwanja unauza mara ngapi? Mwaka ujao watauza nini, choo?"

Akaendelea swali kwa swali. Fedha taslimu ilikuwa imetoka badala ya kuingia. Deni la benki limepanda. Mauzo yameshuka kwa moja ya tano, lakini thamani ya magodoro yaliyoko stoo imeongezeka maradufu. Kwenye swali la faida akatoa alama moja, na kwenye swali la faida dhidi ya mali alama nyingine, maana karatasi ilisema hivyo na yeye hakupima kwa hisia. Kwingine kote akaandika sifuri, akizibonyeza mpaka zikatokea upande wa pili wa karatasi.

"Mbili," akasema. "Na hizo mbili zenyewe za kuokota. Zimetoka kwenye kiwanja."

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa ile stoo, kwa sababu mtunza stoo wa kiwanda kile alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Alikuwa pale miaka ishirini na miwili. Jumapili mchana Bi Tisa akaenda kwake. Niliyajua yaliyosemwa huko kwa sababu alinisimulia kesho yake, bado ana hasira.

Wifi yake alimkaribisha, akaweka chai, akakaa. Bi Tisa hakuzunguka mbuyu. "Kaka, hayo magodoro ya stoo yapo kweli?"

Kaka akaweka kikombe chini. "Umekuja kunisalimia au kunikagua?"

"Nimekuja kukuuliza. Mauzo yanashuka, stoo inajaa. Kuna fedha za watu wanaofagia wodi zinataka kuingia humo."

"Mimi natunza stoo, situngi hesabu," kaka akasema. "Na wewe nakuomba, hili liache. Bosi ametuambia hisa zikinunuliwa, mishahara ya nyuma italipwa. Tunadai miezi miwili. Unataka wapwa zako wale nini?"

Wifi akaingilia kwa upole, "Wifi, kazi ni kazi. Andika tu vizuri, basi, kila mtu apate."

Bi Tisa aliondoka chai haijapoa. Miezi miwili ya mishahara! Hilo lenyewe hesabu hazikulitaja popote.

Jumatatu akaandika ripoti kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa: alama mbili kati ya tisa, fedha za wanachama zisiingie. Akanipa nakala mbili. Niligonga muhuri wa kupokelewa juu ya zote, moja nikaipeleka kwa Meneja, nyingine nikaifungia kabatini. Robo saa baadaye Meneja akamwita, na mlango ukaachwa wazi kidogo, kwa hiyo tulisikia.

"Bi Tisa, hii mbili yako hii. Haiwezi kuongezeka?"

"Kiwanda kikiongezeka, itaongezeka."

"Wewe una kichwa kigumu. Hesabu zimekaguliwa na wakaguzi wenye leseni, wakazipitisha."

"Mkaguzi amesema zimeandikwa kwa kufuata utaratibu. Hakusema kiwanda kinapumua. Hayo ni mambo mawili, na wewe unayajua."

Meneja akacheka, kile kicheko chake cha msibani na harusini. "Haya, mama. Nimekusikia. Niachie."

Akamwachia. Hapo ndipo mimi ninapoingia.

Siku tatu kabla ya mkutano mkuu, Meneja aliniletea kijitabu cha wanachama nikichape nakala mia nne. Mimi ninachapa huku nasoma, ni tabia. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa wa kiwanda cha magodoro. Palikuwa na picha ya geti jipya, na chini yake kisanduku: Alama ya afya ya kifedha, 7 kati ya 9. Imeandaliwa na Mchambuzi wa Uwekezaji. Na sahihi ya Bi Tisa, ile yenye mkia mrefu, imenyofolewa kutoka ripoti nyingine na kubandikwa pale.

Nilisimamisha mashine. Nikamtazama Meneja. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Mkataba wako unaisha mwezi ujao, eti? Nimeshazungumza na Mwenyekiti. Usiwe na wasiwasi." Nikaiwasha mashine. Nakala mia nne, na hakuna hata moja iliyokwama.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa chakula wa wafanyakazi wa hospitali. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya meza. Bi Tisa alipewa kijitabu mlangoni kama mwanachama mwingine yeyote. Nilikuwa mbele, karibu na meza kuu, nimepakata mafaili. Nikamwona anafunua, anafunua, halafu anasimama kufunua. Hakusubiri wakati wa maswali. Alipita katikati ya viti mpaka mbele akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mwenyekiti.

"Ukurasa wa kumi na nne ni uongo," akasema. "Sahihi ni yangu, alama si yangu. Mimi nimekipa kiwanda hiki mbili. Mbili! Faida mnayoiona ni ya kiwanja kilichouzwa. Kiwanda hakiuzi, kinakopa. Hakijalipa wafanyakazi wake. Mkiweka fedha zenu humo, mnazizika."

Meneja akainuka taratibu, hana hata jasho.

"Ndugu wanachama, Bi Tisa ni mtaalamu wetu, tunamheshimu. Lakini wataalamu nao hupitiwa. Menejimenti tuliketi, tukarekebisha. Mimi nimekwenda kiwandani kwa miguu yangu. Mashine zinanguruma. Yeye amekwenda? Yeye anapima kiwanda akiwa amekaa kwenye kiti!" Watu wakacheka. "Mimi naleta asilimia kumi na nane. Nani hataki asilimia kumi na nane?"

Makofi. Mpishi mmoja akapaza sauti, "Dada, kaa chini, utatukosesha!" Mwingine nyuma akasema Bi Tisa ana wivu kwa kuwa hakuhongwa. Bi Tisa akageuka, akanitazama mimi.

"Ripoti yangu ipo kwenye faili, imegongwa muhuri. Karani ndiye aliyeigonga. Karani, sema."

Mamia ya macho yakanigeukia. Faili lenyewe lilikuwa mapajani mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kulifungua. Nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Sina uhakika. Mpaka niangalie."

Mtu akachomoa waya wa kipaza sauti. Bi Tisa aliendelea kusema bila kipaza sauti, nikiona mdomo unatembea na mishipa ya shingo imetuna, lakini watu walikuwa wameanza kuimba wimbo wa chama. Kura zikapigwa kwa mikono: mia tatu na kumi na moja ndiyo, kumi na nne hapana. Mikono mingine iliyopanda siku ile ilikuwa imefua mashuka yenye damu kwa miaka ishirini. Ilipanda kwa furaha.

Jumatatu nilifika mapema ili nisikutane naye mlangoni. Alikuwa ameshafika. Hakunisalimia.

"Unajua kinachonichoma?" akaanza. "Meneja ni mwizi. Mwizi namjua tangu kile kiwanda cha sabuni. Lakini wewe hukuahidiwa hata godoro. Wewe ni nini?"

"Mkataba wangu, Bi Tisa. Nina watoto."

"Na dobi hana watoto? Yule anayekuja na vidole vimechubuka, anakatwa kila mwezi miaka kumi na moja aezeke nyumba, yeye amezaa mawe?" Akapiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Nyote mna watoto! Kila mnyonge anayeuzwa nchi hii anauzwa kwa jina la watoto wa mtu!"

Nilifungua kabati, nikatoa nakala yenye muhuri, nikaiweka mbele yake. Aliichukua bila asante, na sikustahili asante.

Meneja alimhamishia kaunta ya fomu. Mwanamke aliyesoma mizania za viwanda akawa anagawa fomu za kujiunga na kuonyesha watu pa kuweka dole gumba. Wanachama walipita wakimtania: "Bi Tisa, leo umenipa ngapi?" Alikuwa anajibu, "Sifuri," na hakuwa anatania. Kaka yake alimpigia simu akamfokea mbele ya wateja. Kule kiwandani msimamizi alikuwa amemwambia dada yake ni adui wa kampuni. Tangu hapo simu zikakatika. Harusi ya binti wa kaka ikapita, Bi Tisa hakualikwa.

Lakini alitumia kila mapumziko ya mchana kuvuka mji kwenda ofisi ya msajili wa vyama vya ushirika. Mara ya kwanza ofisa alikuwa kikaoni. Mara ya pili alikuwa likizo. Mara ya tatu alikuwapo, akasema malalamiko yaletwe kwa nakala tatu. Bi Tisa akatoa nakala tatu kwenye mkoba, alikuwa nazo tayari. Ofisa akasema zinahitaji maelezo ya shahidi. Siku hiyo alirudi ofisini amevimba uso kwa hasira, akanisimamia mezani.

"Andika ulichokichapa na nani alikuletea."

Niliandika. Ningependa kusema niliandika kwa ujasiri. Niliandika kwa sababu niliogopa kumwangalia tena usoni nikiwa nimekataa.

Miezi minne ikapita ndipo alipokuja mkaguzi wa msajili, mwanamke mwembamba asiyependa mazungumzo. Alikataa soda ya Meneja. Alikaa na mafaili yetu siku sita, na siku ya sita akatoa barua ya kusimamisha fungu la pili. Alikuwa pia amegundua kwamba kampuni ya mke wa Meneja ililipwa na kiwanda cha magodoro kitu kilichoitwa ada ya ushauri. Ushauri gani? Yule mama alikuwa anauza mapazia.

Wiki saba baadaye kiwanda kikafungwa. Benki ilichukua mashine na majengo. Sisi tulikuwa na hisa, na mwenye hisa hulipwa mwisho, kama kuna kilichobaki. Hakikubaki. Milioni mia mbili za wafagizi na wauguzi zikayeyuka.

Meneja alipelekwa mahakamani, akatoka kwa dhamana, na kesi ikawa ya kuahirishwa. Nilimwona mara moja mjini, shati limepigwa pasi, anasalimiana na watu. Wawili kati yao walikuwa wanachama wetu. Walimpa mkono.

Mkutano wa dharura uliitishwa palepale ukumbini. Mwenyekiti aliomba radhi kwa maneno marefu yasiyokuwa na mtu ndani yake: makosa yalifanyika, hali ilibadilika. Halafu dereva mmoja mzee wa gari la wagonjwa, mtu wa heshima zake, akanyanyua mkono, akamgeukia Bi Tisa.

"Binti yangu, kama ulijua, kwa nini hukupiga kelele zaidi?"

Nadhani aliuliza kwa nia njema. Bi Tisa alisimama. Hakupaza sauti kwanza, na hilo ndilo lililotutisha.

"Zaidi?" akasema. "Shikamoo, mzee. Nilisimama pale. Ulikuwa umekaa kiti cha tatu, umevaa kofia ya kijani, unapiga makofi. Nilisema mbili. Mliimba. Mlichomoa waya, mkaimba!" Sasa sauti ikapanda. "Nimegawa fomu zaidi ya miezi sita mnanicheka. Nimekwenda kwa msajili kwa miguu, bila nauli ya chama, nikarudi na njaa. Fungu la pili halikutoka kwa sababu ya kelele hizi hizi mlizozizima. Nusu ya fedha zenu ipo, nendeni mkaihesabu. Usiniulize kwa nini sikupiga kelele. Jiulize ulikuwa unasikiliza nini!"

Hakuna aliyeimba. Dobi yule wa vidole vilivyochubuka akanyanyuka polepole, akasema yeye hana kinyongo na mtu, yote amemwachia Mungu, mabati atanunua mwakani akijaliwa. Watu wakamsifu kwa moyo wake. Bi Tisa akatoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi.

"Namsikia anavyosamehe," akaniambia. "Nani alimwomba msamaha? Hakuna aliyemwomba! Anasamehe watu ambao hata hawajui jina lake."

Viongozi wa chama wakamtaka awe kaimu meneja. Alikataa. Alisema anataka kiti chake cha zamani, na sharti moja: ripoti yake iende kwa wanachama kama alivyoiandika, isipitie mkono wa mtu. Wakakubali haraka mno, na kwa hilo pia alikasirika.

Kaka yake alikuja ofisini mwezi mmoja baada ya kiwanda kufungwa. Alikuwa amekonda. Kiinua mgongo cha miaka ishirini na miwili hakukipata, wala ile mishahara ya nyuma. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia mkononi, akaanza kusema vitu vya pembeni, jua kali, wifi yako anakusalimu. Bi Tisa akamwacha aishiwe.

"Yale magodoro," kaka akasema mwishowe. "Tulikuwa na stoo mbili. Siku ya kuhesabu, wakaguzi wakimaliza ya kwanza, wanakaribishwa chakula. Wakiwa wanakula sisi tunahamisha mzigo kwa lori, tunaupanga stoo ya pili. Wakimaliza kula wanauhesabu tena."

"Wewe ulihamisha?"

"Mimi ndiye nilikuwa na funguo."

Nilidhani atampiga. Aliinuka, akazunguka meza, akasimama juu yake.

"Nilikuja nyumbani kwako. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, magodoro yapo? Mke wako ananimiminia chai. Ungesema neno moja, kaka! Neno moja tu!"

"Niliogopa."

"Wote mliogopa. Nimechoka na watu walioogopa."

Kaka akalia, mtu mzima na mvi zake. Bi Tisa hakumbembeleza. Alichukua mkoba, akaniambia nishike simu, akamshika kaka yake mkono wa shati kama anavyoshikwa mtoto barabarani, wakatoka. Aliyenisimulia yaliyobaki ni yule mkaguzi mwembamba. Walifika kwake bila miadi. Bi Tisa akavuta karatasi kwenye mashine ya ofisi ile bila kuomba, akaiweka mbele ya kaka yake, na kalamu juu yake.

"Watanifunga?" kaka akauliza.

"Sijui," Bi Tisa akamjibu. "Andika."

Akaandika kurasa nne. Kwa kurasa hizo wenye kiwanda wakaunganishwa kwenye kesi ya Meneja, na nyumba zao mbili zikazuiwa zisiuzwe. Kaka hakufungwa, alifanywa shahidi. Anapofika mahakamani dada yake humsindikiza, wakakaa benchi moja bila kuzungumza, na kesi ikiahirishwa kila mmoja anarudi kwake.